Maktaba ya umma hapa Dar: slabu ya kutokeza, mapezi, matofali ya matundu au kioo cha tinti, kipi kiende upande upi

Kamati ya ujenzi wa maktaba ikikaa, hoja ya jua huwa inakuja mwishoni kabisa, watu wameshachoka, soda zimeisha, mmoja anasema tutaweka vioo vya tinti na AC, wote wanaitikia, kikao kinafungwa. Jengo likishafunguliwa unakuta saa 9 mchana wasomaji wa upande wa magharibi wamebandika magazeti kwenye kioo, viti vimerundikana upande mmoja wa ukumbi, mapazia yamefungwa na taa zinawaka mchana kweupe. Yaani kioo kimelipiwa hela nyingi ili kije kizibwe. Sasa hapa nalinganisha zile njia ambazo zinatajwa sana, kwa jua la Dar hili hili tunaloishi nalo na sio la kwenye picha za mtandaoni, na ninayoipendelea nitaitaja wazi.

Kwanza tuelewane kuhusu jua lenyewe. Dar ipo digrii 6.8 hivi kusini mwa ikweta, kwahiyo tuna jua la utosini na jua la machoni. La utosini ndo lile la mchana, linapita juu ya kichwa kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la mchana linakuwa limeegemea kusini, na Desemba likifika mwisho wake bado lipo juu sana, kama digrii 73 kutoka upeo wa macho. Miezi mingine yote lipo kaskazini, na Juni linashuka mpaka digrii 60 hivi. Hapo ndo wengi wanapotea, maana vitabu vya usanifu vya Ulaya vinasema upande wa kusini ndo wa kuukinga, mtu anachukua hivo hivo anakuja kuchora jengo la Kinondoni. Huku kwetu pande zote mbili zinapigwa, na wa kaskazini ndo unapigwa miezi mingi zaidi, tena na jua lililo chini zaidi.

La machoni ni lile la asubuhi mashariki na la jioni magharibi. Hilo halijali msimu, linaupiga ukuta karibu moja kwa moja usoni mwaka mzima, na la jioni ni baya zaidi kwasababu hewa na zege vimeshapata moto tangu asubuhi. Msomaji wa kawaida anahitaji mwanga wa lux (kipimo cha mwanga) 300 mpaka 500 mezani, wakati jua kali la moja kwa moja linafika kama lux 100,000. Karatasi nyeupe ikipigwa na hilo hausomi, unakunja uso tu, na migongo ya vitabu kwenye rafu inapauka kidogo kidogo hadi majina hayasomeki. Kwahiyo maktaba haihitaji jua ndani hata tone, inahitaji mwanga wa anga ulioingia kwa adabu.

Haya, tuanze na slabu ya kutokeza juu ya dirisha. Hii kila fundi anaijua, ni nondo na zege linaloendelea kutoka kwenye lenta au sakafu ya juu. Chukua dirisha la urefu wa mita 2. Upande wa kusini, kuzuia jua la saa 6 mchana Desemba unahitaji slabu itokeze sentimita 60 tu, na ukitaka ikinge kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 9 mchana inabidi iende kama sentimita 90. Upande wa kaskazini Juni unahitaji mita 1.2 kwa saa 6 mchana, na kama mita 1.6 kwa saa 3 mpaka saa 9. Hizo ni namba za kawaida kabisa, mita 1.6 ni upana wa korido, kwahiyo kwa kaskazini ni bora uifanye baraza kabisa watu wakae nje wasome gazeti, umepata kivuli na nafasi kwa zege moja.

Sasa ichukue slabu hiyo hiyo uipeleke magharibi. Mwezi Machi jua linapobakiza kama masaa mawili kuzama lipo digrii 30 tu, na kulizuia kwa dirisha lile la mita 2 unahitaji slabu ya mita 3.5. Likibakiza saa moja unahitaji kama mita 7 na nusu. Mita 7 na nusu! Hiyo sio slabu tena ni sheli ya mafuta. Kwahiyo ukiona ramani imezungushia jengo lote slabu ya sentimita 60 pande nne sawasawa, jua kwamba mchoraji alikuwa anapamba. Kusini inafanya kazi vizuri, kaskazini nusu nusu, mashariki na magharibi ni urembo.

Mapezi, yaani vile vibao vya kusimama wima ambavyo saivi vipo kwenye kila mjengo mpya wa ofisi, yanapendeza kwa kweli, ukipita kwa gari yanacheza cheza. Wengi wanaambiwa kanuni rahisi kwamba vya kulala ni vya kaskazini na kusini, vya kusimama ni vya mashariki na magharibi. Kwa nchi zilizo mbali na ikweta kanuni hiyo ina mantiki maana jua linazama mbali pembeni, linakuja kwa mshazari na pezi linalikata. Hapa Dar jua linazama ndani ya digrii 24 hivi kushoto au kulia kwa magharibi halisi, mwaka mzima. Pezi ukilisimamisha mraba na ukuta, jua la Machi na Oktoba linapita katikati ya mapezi mawili bila kugusa kitu. Umeweka alminiamu ya mamilioni na mwanafunzi bado anakunja uso.

Ili yafanye kazi magharibi lazima uyageuze, kama digrii 45, yaelekee kusini au kaskazini, na kuyabananisha hadi ukisimama ndani usione machweo moja kwa moja. Hapo yanafanya kazi kweli, tena bado unaona nje kwa mshazari. Na yana sehemu nyingine nzuri ambayo watu hawaitaji: upande wa kaskazini, mapezi yakishirikiana na slabu yanakata lile jua la Juni la asubuhi na jioni ambalo slabu peke yake inalikosa. Ila mkandarasi akibadilisha pembe kwasababu "moja kwa moja ni rahisi kufunga", bas umenunua mapambo.

Alafu kuna malighafi. Chuma cheusi karibu na bahari, Upanga au Msasani, kitaanza kulia kutu mapema hata kama kimepakwa rangi, na michirizi ya kahawia itashuka kwenye ukuta mweupe. Alminiamu ni bora ila angalia skrubu, maana wanafunga alminiamu kwa skrubu za chuma za kawaida, hewa ya chumvi ikiingia pale metali mbili zinapogusana zinalana, na pezi linaanza kucheza kwa upepo wa kusi. Omba skrubu za chuma kisichoshika kutu, ziandikwe kabisa. Na kunguru usiwasahau, kunguru wa Dar akikuta kirafu cha kulala kilichojificha anajenga, na anajenga kwa waya.

Kuna wanaotaka vibao vya kujigeuza vyenyewe kwa mota na kompyuta. Kwenye karatasi ndo jibu la kila kitu, jua linasogea na vibao vinasogea. Jengo la Institut du Monde Arabe kule Paris, la msanifu Jean Nouvel, lilifunguliwa 1987 likiwa na paneli 240 upande wa kusini zenye matundu ya kufunguka na kufunga kama jicho la kamera, na ndani mle kuna maktaba pia. Ni zuri ajabu, ila ile mitambo ilisumbua miaka mingi, sehemu kubwa ikakaa haitembei. Hiyo ni Paris, penye fundi, spea na bajeti ya matengenezo. Kwa maktaba ya manispaa ambayo hata kubadilisha bomba la choo kunasubiri mwaka wa fedha mpya, mota ikifa paneli itabaki hapo hapo ilipofia, na kwa bahati yetu itakuwa imefia ikiwa wazi. Mimi hii naikataa moja kwa moja. Kama unataka kitu cha kusogea, msogezaji awe mtu. Maktaba ya Exeter kule Marekani, ya msanifu Louis Kahn, ina meza za kusomea dirishani na kila meza ina kibao chake kidogo cha mbao, msomaji anafunga na kufungua mwenyewe kwa mkono. Mbao na reli, seremala yeyote wa Keko anakitengeneza na akirudi kesho anakirekebisha.

Sasa ninayoipenda, matofali ya matundu. Najua kuna watu wakisikia hivi wanaona ngazi za maghorofa ya zamani ya Upanga na Kisutu, zile zenye matundu ya maua. Sawa, na ukipanda zile ngazi saa 8 mchana utagundua kuna kaupepo na hakuna joto, miaka yote hiyo bila umeme. Kanuni yake ni ile ile ya slabu ila imekatwa vipande vidogo. Badala ya slabu moja ya mita 3.5 unakuwa na vislabu vingi vya sentimita chache, kila tundu lina kislabu chake, kivuli ni kile kile.

Kinachoamua ni uwiano wa tundu na unene, na hapa ndo pa kuwa mkali na fundi. Tundu la urefu wa sentimita 10 kwenye tofali la unene wa sentimita 10 linazuia jua lililo juu ya digrii 45 tu, yaani ikifika saa 9 na kitu jua limeshaanza kuingia. Tundu lile lile kwenye tofali la unene wa sentimita 20 linazuia kila kitu kilicho juu ya digrii 27, kwahiyo unavuka saa 10 bila jua ndani, na hata likibakiza saa moja kuzama, kinachopenya ni chini ya nusu ya tundu, kimekatwa katwa, sio fimbo moja ya jua mezani. Matofali mengi yanayouzwa barabarani ni membamba, sentimita 10 au chini, yametengenezwa kwa urembo wa fensi. Usinunue hayo, tengenezesha fremu ya chuma yako, mchanga uliochekechwa, saruji ya kutosha, mwagilia maji siku kadhaa kabla ya kujenga, kona zake ni nyembamba na zikikaushwa haraka juani zinakatika zikiguswa tu.

Na ukuta huu wa matundu usiugandishe na dirisha. Uache mbele, nafasi ya kama sentimita 60 hadi mita 1, mfanya usafi apite na ufagio wake, hewa ya moto ipande juu itoke. Zege linakunywa joto mchana kutwa na jioni linalitema, kama limegusana na ukuta wa ndani basi wasomaji wa saa 12 jioni ndo wanatemewa wao. Wasanifu Fry na Drew walipojenga chuo kikuu cha Ibadan, Nigeria, miaka ya 1950, maktaba waliivisha kuta za zege lenye matundu kwa sababu hizi hizi, kivuli na hewa ipite, na unyevu wa Ibadan sio mgeni kwa mtu wa Dar.

Kasoro zake ni za kweli pia. Kelele zinapita. Kama kiwanja kipo kando ya barabara ya daladala, honi za bodaboda utazisikia kwenye ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Vumbi linapita, mvua ya masika ikija na upepo nayo inapita kidogo, kwahiyo nyuma ya matundu bado unahitaji dirisha la kufunga. Mandhari unayapoteza, na chumba kinaweza kuwa na giza kama rangi ya ndani sio nyeupe. Ila kwenye hesabu kuna kitu wengi hawakioni: kila dirisha la jengo la umma hapa mjini litawekewa grili ya wezi kwa vyovyote. Ukuta wa matundu ndo grili yenyewe. Toa bei ya grili, toa bei ya kuzipaka rangi kila baada ya muda, ndo ulinganishe na alminiamu.

Kioo cha tinti nitakipitisha haraka. Kioo cha kawaida cha milimita 6 kinapitisha karibu asilimia 80 ya joto la jua linalokigusa. Tinti inapunguza, lakini sehemu ya joto inakunywa yenyewe, kioo kinakuwa cha moto na aliyekaa pembeni yake anaokwa, na pia inapunguza mwanga, unaishia kuwasha taa saa 7 mchana. Ile ya kubandika inaanza kutoa mapovu na kubanduka kona baada ya miaka michache. Kioo cha kisasa chenye tabaka mbili kinafanya kazi vizuri kweli, siwezi kubisha, ila ni cha kuagiza, kikipasuka kimoja unasubiri meli na dirisha linakaa na plaiwudi. Na jengo la kioo lisilofunguka umeme ukikatika halikaliki. Mapazia ya ndani ndo kabisa, yanapunguza mng'ao tu, joto limeshaingia lipo kati ya pazia na kioo linakusubiri.

Miti ni msaidizi mzuri kwa magharibi maana jua la chini ndo saizi ya mti. Mwarobaini unakua haraka na unavumilia, mkungu una kivuli kipana ila unamwaga majani kwenye mifereji ya paa. Panda siku ya kuanza msingi, usingoje ufunguzi, na usihesabu kivuli chake kwa miaka ya mwanzo. Jirani akijenga ghorofa au Tanesco wakipitisha waya mti unaondoka, kwahiyo usiutegemee peke yake.

Kabla ya yote haya kuna uamuzi ambao hauna bei kabisa, nao ni nini kikae upande gani. Maktaba ya Burton Barr kule Phoenix, Marekani, ya mwaka 1995, jangwani kwenye jua kali kuliko letu, msanifu Will Bruder alichukua vyoo, ngazi na mitambo akavipanga ubavu wa mashariki na wa magharibi, akavifunika kwa mabati ya shaba, vioo vikubwa akavipeleka kaskazini na kusini tu. Hakushindana na jua la machoni, alilipatia vyoo. Vya Phoenix huwezi kuiga vyote, kule ni kukavu na huku ni unyevu, ila hili la mpangilio linahamishika bure. Kwetu nitalipunguza kidogo: magharibi ziba, weka stoo, vyoo, ngazi, chumba cha seva. Mashariki usizibe kabisa maana upepo wa bahari unatokea huko, kaskazi na kusi zote zina umashariki ndani yake, hapo ndo weka matofali ya matundu. Na jengo liwe jembamba. Mwanga wa dirisha unafika ndani kama mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa juu ya dirisha, kwahiyo dirisha likiishia mita 3 kutoka sakafuni una mita 6 au 7 za mwanga, ukipata pande zote mbili ukumbi wa mita 13 unasomeka bila taa.

Paa nalo, maana kwa latitudo hii paa linakula jua kuliko ukuta wowote. Soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli la miaka ya 1970 lilionyesha jinsi paa linavyoweza kuwa mwavuli wa jengo zima, lina zile faneli za zege zinazotoa kivuli na kukusanya maji ya mvua. Kwa maktaba ndogo, bati juu, nafasi ya hewa, dari yenye kizuia joto, na kingo zitokeze. Inatosha.

Kwahiyo kwa maktaba ya kata au manispaa, isiyo na hela ya umeme wa AC siku nzima, chaguo langu ni baraza pana kaskazini, slabu ya mita 1 kusini, matofali mazito ya matundu mashariki, na magharibi ukuta mzima wa stoo na vyoo. Vitabu adimu na nyaraka za zamani vipewe chumba kidogo cha katikati chenye AC yake, unyevu wa Dar ukivuka asilimia 65 na kukaa hapo ukungu unaanza kuota kwenye jalada, hivyo haviwezi kuishi kwenye matundu. Kwa mradi mkubwa, saizi ya ile maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar, pale Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018 yenye kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja, mapezi ya alminiamu yaliyogeuzwa na kioo kizuri yanaingia kwenye mazungumzo, kwasababu jengo pana namna hiyo linahitaji AC kwa vyovyote na linahitaji kufungwa. Kama kiwanja chako kimekaa vibaya, uso mrefu unaangalia magharibi barabarani na hakuna namna, hapo matundu mazito na mapezi ya digrii 45 ndo yashindane, na mimi bado naenda na matundu isipokuwa kelele ikiwa kubwa mno.

Jambo la mwisho ni la mkataba. BOQ (ile orodha ya kazi na bei zake) ikizidi bajeti, vivuli ndo vinakatwa mwanzo maana vinasomeka kama "urembo wa nje", kioo kinabaki, AC inaongezwa ukubwa kimya kimya. Muombe QS (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) aviweke kwenye kipengele kimoja na ukuta, sio kwenye finishi. Na kabla ya kusaini oda ya matofali au mapezi, mkandarasi asimamishe kipande cha mita 2 kwa 2 pale saiti upande wa magharibi, muweke kiti na meza nyuma yake, mkae hapo na kitabu kuanzia saa 9 hadi saa 12 jioni, kamati nzima.